Pikipiki ya Nukta na Mkwaju

Kwa miaka kumi na moja, fundi saa na mkewe muuguzi walikwenda kazini kwa gari la shemeji. Shemeji huyo, kaka wa muuguzi, alikuwa mwalimu wa lugha, na gari lake lilikuwa limewazidi umri wanafunzi wake wote. Ndiye aliyewapachika majina. Fundi saa alikuwa mfupi wa mviringo, na riziki yake ilitoka kwenye sekunde na dakika, basi akamwita Nukta. Dada yake alikuwa mrefu, mwembamba, na akisimama huegemea upande mmoja kama anayesikiliza jambo kwa mbali. Huyo akamwita Mkwaju. "Si ule wa kula," alikuwa akifafanua, "ule mstari wa mshazari wa kuandikia." Majina yakaganda. Hata binti zao pacha, waliokuwa shule ya bweni, walikuwa wakiandika barua kwa "Nukta na Mkwaju wapendwa".

Jumanne moja asubuhi, gari likiwa limesimama mbele ya lango la hospitali ya mlimani ili Mkwaju ashuke, shemeji alizima injini. Hakuwa na kawaida ya kuizima, maana kuiwasha tena ilikuwa bahati nasibu.

"Jamani," alisema, "nimehamishwa. Mwezi ujao naanza shule nyingine, upande wa pili wa mji. Asubuhi mimi nitakuwa naelekea jua linakochomoza, na nyinyi linakozama."

Kisha sauti ikatoka kiti cha nyuma, katikati ya marundo ya madaftari ya insha: "Tutanunua pikipiki."

Nukta ndiye aliyekuwa akikaa nyuma, miaka yote hiyo, kwa sababu miguu ya mkewe haikuwa na pengine pa kukaa ila mbele.

Mkwaju aligeuka, akamtazama. "Umeiwaza lini hiyo?"

"Sasa hivi."

Huo ulikuwa uongo wa mchana kweupe. Alikuwa ameiwaza miaka mitano, tangu siku aliyofaulu mtihani wa leseni baada ya kuzunguka uwanja wa mpira kwa wiki tatu na pikipiki ya mkufunzi. Leseni ilikaa kwenye pochi yake, nyuma ya picha ya pacha, ikingoja siku yake. Mkwaju naye alikuwa na leseni, tena ya zamani zaidi, tangu alipokuwa muuguzi mpya anayepeleka chanjo mashambani. Lakini habari za zama hizo hazikuwa zikisimuliwa nyumbani.

Kuanzia jioni ile Nukta alijifunga kibwebwe. Alichukua daftari la mraba alilokuwa akichorea magurudumu ya saa, akaanza kuandika sifa za pikipiki. Kila mteja aliyeleta saa aliondoka ameulizwa maswali. Mwenye saa ya mkono alisema nunua ndogo, haili mafuta. Mwenye saa ya ukutani alisema usinunue ndogo, ule mlima wa hospitali utawashusha mtembee kwa miguu mkiikokota kama mbuzi mkaidi. Mpiga chapa wa duka la jirani alisema nunua kubwa kabisa, watu wakuheshimu. Nukta aliwasikiliza wote kwa adabu, akazitoa zile ndogo, akazitoa zile kubwa, akabaki na za katikati. Siku ya tatu mezani, alitangaza uamuzi.

"Mke wangu, nimepiga hesabu nikazihakiki. Sisi mia mbili hamsini."

Mkwaju alikuwa anamenya chungwa. "Sisi tuko wawili tu. Hao wengine watakaa wapi?"

"Sisi ya injini, bwana! Ukubwa wa injini!"

"Nimekusikia. Nauliza tu, maana siti ya pikipiki naijua."

Alicheka peke yake, akampa mumewe kipande cha chungwa. Neno moja halikusemwa na yeyote, nalo ndilo lililokuwa zito kuliko injini: nani atakaa mbele? Nukta hakulisema kwa sababu kwake halikuwa swali. Mkwaju hakulisema kwa sababu alimwona mumewe anavyong'aa macho.

Jumamosi wakaenda dukani.

Duka la pikipiki lilikuwa ukumbi mrefu wenye harufu ya mpira mpya. Nyuma ya meza, juu ya kiti kirefu, alikaa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Watu walimwita Mama Gia. Ilisemekana amewahi kukataa kumuuzia mtu pikipiki kwa sababu tu hakupenda alivyoifunga breki.

"Karibuni. Mnatafuta nini?"

Nukta alifungua daftari na kumsomea kurasa mbili. Mama Gia alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Umesoma vizuri," alisema. "Sasa lifunge. Pikipiki haichaguliwi kwa macho, baba. Huchaguliwa kwa makalio. Nenda kakae."

Nukta hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyekundu, ndefu ya miguu, yenye mdomo mbele kama ndege, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaovuka majangwa. Alikuwa ameimezea mate kupitia kioo tangu wiki ile ianze. Alirusha mguu wa kwanza, haukuvuka. Akarusha wa pili, ukakwama kwenye siti. Mkwaju akaisukuma buti yake taratibu kwa kidole, kama mtu anayetoa kamba mtini, na hatimaye mumewe akawa juu. Vidole vya miguu viligusa sakafu, lakini vile vikubwa tu, tena kwa zamu.

"Inanikaa," alisema.

"Wewe ndiye unaikaa," alijibu Mama Gia. "Yenyewe haijakuona."

"Nitavaa viatu vya soli nene."

"Sawa. Na mama je, siti ya nyuma?"

Mkwaju alipita juu ya siti ya nyuma kama anavuka kamba ya kuanikia nguo. Nyayo zake zilikaa sakafuni bapa, magoti yamekunjika. Akasema iko vizuri, haina neno.

Wakaruhusiwa kuijaribu uani, kwenye uwanja wa changarawe uliozungushiwa ukuta. Tuseme haki: Nukta aliendesha vizuri. Aliachia klachi kwa ule mkono wa fundi unaoweza kushika skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele, wakaondoka bila kushtuka. Wakazunguka mara moja. Wakazunguka mara mbili. Mkwaju alimshika kiunoni, na Nukta akajisikia amekuwa mrefu kama nguzo ya umeme.

Mzunguko wa tatu, karibu na ukuta, akataka kusimama ili ageuze. Akabana breki, pikipiki ikasimama. Akateremsha mguu wa kushoto kuitafuta ardhi. Mguu ukateremka, ukateremka tena, na ardhi haikuja. Palikuwa na kishimo pale, si kirefu, vidole vinne hivi. Kwa mtu mwingine yeyote kisingekuwa kitu. Kwa Nukta kilikuwa bahari.

Walianza kuanguka polepole sana, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Mkwaju alipoona dunia inainama, alifanya jambo moja tu: alinyoosha miguu. Yote miwili ikafika chini. Pikipiki ikaendelea na safari yake ya kulala, ikapita katikati yake, Nukta akaviringika changaraweni, na mkewe akabaki amesimama wima, miguu imepanuka, mkoba begani, kama mtu anayepimiwa suruali.

Mama Gia alisogea mpaka mlangoni akapiga kelele kutoka pale. "Umevunjika?"

"Sijavunjika."

"Taa imevunjika?"

Nukta aliitazama. "Haijavunjika."

"Basi ni kiburi tu. Hicho hatuna vipuri vyake. Inyanyueni, mrudi siku mkiwa mmezungumza."

Njiani hawakuzungumza. Nyumbani hawakuzungumza. Mkwaju alitoa sanduku la dawa, akamkalisha mumewe kwenye kiti cha jikoni, akaanza kumsafisha kiwiko kilichochubuka. Jua la mchana liliingia dirishani likaangukia sakafu. Bomba lilikuwa likidondosha tone moja moja, na Nukta akajikuta anayahesabu kwa mazoea ya kazi.

"Linachelewa," alisema mwishowe. "Tone kila sekunde moja na robo."

"Nashukuru umefungua mdomo. Nilidhani na ulimi umechubuka."

Nukta hakucheka. "Umeniona lakini? Umesimama pale juu umeniangalia chini kama umedondosha funguo."

"Ningefanyaje? Miguu imefika. Nisingeweza kuikunja kwa heshima yako."

Hapo Nukta alitaka kucheka, akajizuia. Akavuta pumzi. "Unajua, miaka kumi na moja kaka yako anakushusha pale langoni, wewe unamwambia asante. Kila siku, asante kaka, Mungu akubariki kaka. Mimi niko nyuma na insha za watoto wa watu. Sina kinyongo naye, ametusaidia sana. Lakini nilisema moyoni, siku moja, asubuhi moja tu, mimi ndiye nikufikishe pale. Na hiyo asante niipate mimi."

Mkwaju aliacha kusafisha. Pamba ilibaki mkononi.

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Mtu anasemaje jambo kama hilo? Nitaonekana mtoto."

Mkwaju akalifunga jeraha, polepole kuliko lilivyohitaji. Kisha akavuta kiti akaketi mbele yake, magoti yakawa marefu kati yao.

"Haya, na mimi nikwambie langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi walinipa pikipiki na sanduku la barafu la chanjo. Nilikuwa natoka alfajiri, natimua vumbi, navuka mito yenye mawe. Siku nyingine nilikuwa naimba. Watoto mashambani wakisikia ule mlio wanakimbia kujificha, wanajua sindano imefika. Halafu idara ikaleta gari, wakaichukua pikipiki. Mbele ya wenzangu nikasema afadhali, mgongo utapumzika. Nikaingia chooni nikalia kama nimefiwa."

Nukta alimkazia macho. "Wewe?"

"Mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ndiyo kwanza ulikuwa unanichumbia. Ukaniambia umenipenda kwa sababu mimi ni mtulivu. Nikasema basi, nitulie."

Bomba liliendelea kudondosha, bila mtu wa kulihesabu. Nukta alimwangalia mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na tisa kama mtu anayefungua saa aliyoizoea akakuta ina kengele ndani.

"Kwa hiyo ulitaka kukaa mbele," alisema.

"Kila siku ya Mungu."

"Na ukaniachia nikuangushe!"

"Ulikuwa unang'aa," alisema Mkwaju. "Nitazimaje taa ya mtu?"

Hapo ndipo kicheko kilipowatoka, kikaanzia kwa mmoja kikahamia kwa mwingine, wakacheka mpaka Nukta akakigonga kiwiko mezani, akalia, wakacheka tena.

Jumatano alasiri, Mkwaju alipotoka zamu, walirudi kwa Mama Gia. Safari hii daftari lilibaki nyumbani.

"Mmezungumza?" aliuliza Mama Gia.

"Tumezungumza. Tunataka moja ambayo sote wawili tunaweza kuiendesha."

"Hilo mngelisema mwanzo tungeokoa changarawe zangu."

Waliijaribu kwanza ndogo ya bei nafuu. Mmoja mmoja iliwabeba. Walipokaa wote wawili ikanywea, ikapiga magoti kama mtu anayeomba msamaha, na Mama Gia akawaambia washuke kabla haijatubu dhambi zao zote. Kisha ile nyeusi ndefu ya kujilaza, siti iko chini karibu na ardhi. Nukta alipoikalia nyayo zake zote mbili zililala sakafuni, uso ukachanua. Lakini Mkwaju alipochukua nafasi yake, magoti yalipanda mpaka karibu na masikio, na kila alipokata kona usukani ulimgonga goti.

"Panzi," alisema Nukta, kwa mapenzi.

"Panzi mwenye michubuko. Toa hii."

Ndipo Mama Gia alipowaelekeza kwenye moja iliyosimama kwenye kona, ya katikati kwa kila kitu, rangi ya kijivu kama sufuria, taa ya mviringo, siti iliyonyooka. Wateja walikuwa wakiipita bila kuiona, kama unavyompita mtu mwaminifu. Mkwaju aliikalia: mikono ikafika, magoti yakapata pa kukaa. Nukta akaikalia: vidole vyote kumi viligusa chini, ila visigino vilibaki hewani.

"Bado kidogo," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Itakuwa kama Jumamosi tena."

Mama Gia akashuka kwenye kiti chake kirefu. Alishuka muda mrefu. Miguu ilipofika chini, wote wawili waligundua kwamba mwanamke huyu, aliyewasema vile kutoka kule juu, alikuwa anamfikia Nukta begani.

Aliivuta ile nyekundu, ile ya majangwa, akaisukuma mpaka uani, akaipanda kwa kukanyaga kijiti cha pembeni kama ngazi, akaiwasha, akazunguka uwanja, na akaja kusimama mbele yao. Alipokuwa anasimama, aliteleza upande mmoja wa siti, na mguu mmoja ukatua chini bapa, imara kama nguzo. Mguu mwingine ulikuwa unaning'inia upande wa pili kama wa mtoto kwenye kiti cha kinyozi.

"Mnaona? Tako moja linabaki kwenye siti, lingine linatoka nje kupunga hewa. Miguu miwili ni ya kusimamia harusini. Hapa mguu mmoja unatosha. Ila uamue mapema ni upi, tena uitazame ardhi kabla hujaikabidhi mguu wako."

"Tako moja," alirudia Nukta, kama anayekariri.

"Na hii ya kijivu tutaipeleka kwa mshonaji wa siti. Atapunguza sponji ya mbele kwa unene wa vidole viwili. Usukani tutaunyanyua kidogo kwa ajili ya mama. Njoo sasa, jaribu."

Nukta alifanya mazoezi uani saa nzima. Kwenda, kusimama, tako moja. Kwenda, kusimama, tako moja. Mara mbili aliteleza upande usiokuwa na mguu, Mkwaju akamdaka. Baada ya hapo hakumdaka tena, kwa sababu hapakuwa na haja. Mwisho akakipitia hata kile kishimo cha Jumamosi, kwa makusudi, akakitazama, akasimama hatua moja mbele yake.

Palibaki swali la mbele na nyuma. Mama Gia alitaka kulijibu yeye, kama alivyojibu mengine yote, lakini Nukta alimwahi.

"Mlimani, tukiwa wawili, aendeshe yeye. Amevuka mito huyu. Nikishamfikisha, nashuka na pikipiki peke yangu mpaka dukani. Jioni naupanda mlima kumchukua."

"Nani amemfikisha nani hapo?" aliuliza Mkwaju.

"Tumefikishana. Na baada ya mwezi, nikizoea, tunapokezana."

"Mwezi na nusu."

"Mwezi."

"Wiki tano, na breki unajifunza upya."

Wakapeana mikono kama wafanyabiashara, na Mama Gia akawa shahidi.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi walitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hewa ilikuwa ya baridi, lami ina unyevu. Mkwaju mbele, helmeti imemfanya mrefu zaidi. Nukta nyuma, mfuko wa vifaa vyake mgongoni, hata njia yenyewe haioni, anaona mgongo wa koti tu. Kwenye kona ya kinyozi, kinyozi mwenyewe aliacha kufagia mlango wake.

"Nukta! Leo umebebwa na mkeo!"

"Miaka kumi na moja nimebebwa na kaka yake, hukusema kitu!" Nukta alimjibu kwa sauti, na mgongo wa koti mbele yake ukatikisika kwa kicheko.

Mlima ukaanza. Mkwaju alishusha gia, injini ikanguruma kwa sauti nene isiyolalamika, ikawapandisha wote wawili na mfuko wa vifaa bila kuomba msaada. Nusu ya mlima, Nukta alisikia kitu. Kwanza alidhani ni mnyororo, akatega sikio la kifundi. Haukuwa mnyororo. Mkewe alikuwa anaimba.

Alinyamaza kimya, asije akamkatiza.

Langoni Mkwaju alishuka, akavua helmeti, nywele zimelala upande. Macho yake yalikuwa na maji, akasema ni upepo. Nukta akasogea mbele kwenye siti, akaikamata breki, akaangalia chini kabla ya kuweka mguu.

"Asante, mume wangu," alisema Mkwaju. "Mungu akubariki."

"Mimi sijafanya kitu. Wewe ndiye uliyeendesha."

"Ichukue tu, ni yako. Nenda, wagonjwa wananingoja."

Akateremka mlima peke yake. Kwenye makutano ya chini, taa zikawa nyekundu. Akateleza upande wa kushoto, mguu ukatua kwenye lami, bapa. Mwenye gari pembeni hakumtazama hata mara moja, na kutotazamwa huko kulimpendeza kuliko sifa. Taa zikawa kijani. Barabara ya kwenda dukani ilikuwa nyeupe, maduka bado yamefunga, jua limeanza kugonga madirisha ya juu.

Mbele ya duka lake alikuwepo mteja tayari, mzee mmoja mwenye saa ya ukutani kwapani, amekuja kabla ya muda. Alimwona fundi wake anakuja juu ya pikipiki, akasogea, akanyoosha mkono wa salamu.

Nukta alimpita.

Hakukusudia. Mkono wa breki ulikuwepo, gia zilikuwepo, duka lilikuwepo. Ila injini ilikuwa imetulia vizuri mno, na barabara ilikuwa bado inaendelea. Alipita duka la mpiga chapa, akapita benki, akapita kituo cha mafuta, akafika lami inapoishia na kuanza vumbi, mahali ambapo hakuwa amewahi kufika hata siku moja. Akasimama. Tako moja. Akavuta pumzi, akageuza, akarudi.

Mzee alikuwa bado amesimama palepale, saa kwapani, mkono wa salamu ameshaushusha.

"Fundi," alisema, "si nimekuona unapita? Ulikuwa unakwenda wapi?"

Nukta aliweka stendi, akavua helmeti, akatafuta ufunguo wa duka mifukoni.

"Nilikuwa nakuja kazini," alisema.